Ngamia Hakumaliza Maji Yetu



Tangu kiangazi kile kikubwa kilichoanza mwisho wa mwaka 2020, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, hakuna mnyama anayeulizwa habari zake afisini mwetu kama ngamia. Zamani watu walikuja kuuliza mbegu za mahindi, dawa ya kupe na siku ya josho. Siku hizi mtu huketi kwenye benchi, hungoja zamu yake, kisha husema: "Karani, ni kweli ngamia ana tangi la maji mgongoni?" Mwingine huuliza kama ni kweli hukaa mwezi mzima bila kunywa. Na mwingine, kwa sauti ya chini kama aulizaye jambo la aibu: "Nikiuza ng'ombe wangu nikanunua ngamia, nitakuwa nimefanya ujinga?"

Maswali haya nitayajibu. Lakini kwanza nataka kuwaeleza ugomvi uliotokea kisimani petu, kwa maana naona ugomvi ule ulitokana na kutojua mambo haya haya, na hapana shaka utarudi kiangazi kijacho kama hatutautengeneza sasa wakati majani yapo.

Ilikuwa mwaka 2022. Skimu yetu iko ukingoni mwa Laikipia, mahali ambapo nchi ya mahindi inakwisha na nchi ya migunga inaanza. Wafugaji walikuwa wamepanda kutoka upande wa Samburu na Isiolo wakitafuta malisho, wengine na ng'ombe, wengine na ngamia. Asubuhi moja ngamia hamsini waliletwa kwenye birika la kisima chetu cha pampu. Mimi nilikuwapo, kwa sababu afisi ilinituma kuandika hesabu ya ng'ombe waliokufa. Tulisimama kuwatazama. Ngamia mmoja aliinamisha shingo yake ndefu akaanza kunywa, wala hakuinua kichwa mpaka tukachoka kumtazama. Mwanakamati mmoja alikuwa akihesabu madebe. Alipofika debe la tano alipiga kelele: "Ngamia mmoja anakunywa maji ya nyumba tano!" Watu wakashika fimbo. Akina mama waliokuja saa nne walikuta tangi tupu, wakarudi na mitungi mikavu. Jioni ile ile kamati ikaamua kwamba ngamia wasinyweshwe tena kisimani petu. Ng'ombe wa wafugaji wale wale waliruhusiwa kwa malipo.

Mzee mmoja wa Kisamburu, mwenye ngamia, hakugombana na mtu. Aliuliza neno moja tu: "Mmeona jinsi anavyokunywa. Mbona hamkuuliza atakunywa tena lini?"

Hakuna aliyemjibu. Nami, karani wa serikali, mwenye cheti cha ualimu, sikumjibu kwa sababu sikujua.

Baadaye nilikwenda kuuliza, nikasoma, nikapiga hesabu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Ngamia yule alikunywa madebe matano, yaani lita 100. Wakati wa ukame, akila majani makavu, wenyewe humnywesha kila baada ya siku 7 hadi 14. Tuseme siku 10. Lita 100 kwa siku 10 ni lita 10 kwa siku, yaani nusu debe. Sasa mtazame ng'ombe wako wa gredi anayekamuliwa. Wakati wa joto ng'ombe huyo hunywa lita 60 au zaidi kila siku, yaani madebe matatu. Kwa siku 10 amekunywa madebe 30. Maji hayo yangewatosha ngamia sita! Hata ng'ombe wetu wa kienyeji, akinywa lita 25 au 30 kwa siku, anatumia maji ya ngamia wawili na nusu au watatu.

Ni macho yetu yaliyotudanganya. Ng'ombe ni kama mtu akopaye sukari dukani robo robo kila siku, na deni lake halionekani mpaka mwisho wa mwezi. Ngamia hununua gunia zima mara moja huku duka lote likimtazama.

Sasa habari ya tangi la mgongoni. Hapa sina budi kuungama kosa langu. Kabla ya kupata kazi hii ya ukarani nilifundisha muda mfupi huko Isiolo, na siku moja niliwaambia watoto wa darasa la tano kwamba nundu ya ngamia ni ghala ya maji. Niliichora ubaoni, nikaitia chaki ya buluu. Mtoto mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tumechinja ngamia. Ndani ya nundu hamna maji, mna mafuta." Wenzake wakacheka, nami nikamwambia aketi. Yeye alikuwa na haki na mimi nilikuwa na chaki.

Nundu ni mafuta matupu, nayo kwa ngamia aliyeshiba yaweza kufika kilo 30 na zaidi. Ni akiba ya chakula. Ngamia akikaa na njaa muda mrefu nundu hupungua, na pengine hulala upande mmoja kama gunia lililotolewa nafaka. Wako wasomi waliosema kwamba mafuta yale yakitumika mwilini hugeuka maji, na kwamba hiyo ndiyo siri yake. Ni kweli mafuta yakitumika hutoa maji. Lakini ili yatumike mnyama lazima avute hewa nyingi, na katika nchi kavu kila pumzi itokayo huchukua maji kutoka mapafuni. Kwa hiyo anachopata huku hukitoa kule. Ni kama kupanda matatu kwenda sokoni kuuza mayai mawili. Faida ya nundu ni nyingine. Mafuta ni blanketi. Yangetandazwa mwili mzima, kama yalivyo kwa nguruwe, ngamia angeiva kwa joto. Yakikusanywa mahali pamoja mgongoni, sehemu nyingine za mwili hupata nafasi ya kutoa joto.

Basi kama hana tangi, anaishije? Jibu ni kwamba ngamia haweki maji. Ngamia hapotezi maji. Naomba mlishike jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapo.

Mtu aliyelipima jambo hili kwa uangalifu ni Bwana Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa viumbe aliyezaliwa Norway, ambaye katika miaka ya 1953 na 1954 alikaa na wenzake Béni Abbès, katika Sahara ya Algeria, wakiwapima ngamia joto na uzito na kuwakalisha bila maji. Waliona kwamba ngamia mwenye kiu huacha mwili wake upande joto wakati wa mchana. Asubuhi joto lake laweza kuwa digrii 34, na jioni likapita 40. Mimi au wewe tukifika 40 tunapelekwa hospitali. Mwili wa mtu, na wa ng'ombe pia, hukataa kupanda joto, na ili usipande hutoa jasho au hutweta, na jasho ni maji. Ngamia hungoja. Huliweka joto la mchana mwilini, kisha usiku wa jangwani ukiwa baridi hulitoa bure pasipo kutumia hata tone. Kwa ngamia mkubwa wa kilo 500, kungoja huko huokoa karibu lita 5 za jasho kwa siku moja. Ndugu msomaji, hiyo ni robo debe, kila siku, kwa subira tu!

Walifanya jambo lingine lililonifurahisha. Walimnyoa ngamia mmoja manyoya, wakampima pamoja na wenzake wasionyolewa. Yule aliyenyolewa alipoteza maji zaidi kwa nusu ya kiasi cha wenzake. Manyoya mazito ambayo sisi twadhani yanamtesa ndiyo kivuli chake. Mimi nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wazee wa kaskazini na mashuka yao mazito katika jua kali, ambao vijana wetu huwacheka.

Pua yake nayo ina kazi. Ndani ina vijia vingi vilivyopindapinda, na usiku hewa itokayo mapafuni hupozwa humo, na unyevu wake hushikwa kabla haujatoka nje. Mkojo wake ni mchache na mzito kama asali nyembamba. Mavi yake hutoka makavu hata yaweza kutiwa motoni siku ile ile. Akilala mchana huelekea jua kwa kifua ili jua limpige mahali padogo, na chini ya kifua ana sugu ngumu inayomwinua kidogo, upepo ukapita tumboni. Kope zake ni ndefu tena safu mbili, na tundu za pua hufungika mchanga ukivuma. Mambo haya ya mchanga ndiyo yaliyojaa katika vitabu vya shule, lakini kwetu Laikipia vumbi si tatizo kubwa kama kiu, kwa hiyo nayapita.

Bado kuna lile birika. Kwa nini hunywa mengi hivyo mara moja? Kwa sababu ngamia aweza kupoteza maji mpaka robo ya uzito wake akaendelea kutembea, hali mtu aliye juani akipoteza kiasi cha sehemu 12 katika 100 za uzito wake yu karibu na kufa. Damu ya mtu huwa nzito, moyo ukashindwa kuisukuma. Damu ya ngamia hubaki na majimaji yake, na kiu huchukua maji ya sehemu nyingine za mwili. Kisha akifika kisimani hulipa deni lote kwa pamoja. Aweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Chembe nyekundu za damu yake si za mviringo kama zetu, ni ndefu kama yai, nazo zaweza kuvimba zaidi ya mara mbili bila kupasuka.

Hapa nawaonya wenye ng'ombe. Chembe za ng'ombe hazina nguvu hiyo. Ndama aliyeshikwa na kiu kali kwa siku nyingi, akiachiwa birika anywe apendavyo, huweza kukojoa mkojo mwekundu na kufa, kwa sababu chembe zake za damu zimepasuka. Mpe kidogo, ngoja, mpe tena. Katika kiangazi kile nilisikia watu wawili wakisema ndama wao walilogwa kisimani.

Na je, hukaa mwezi bila kunywa? Ndiyo, wakati wa mvua, akila majani mabichi yenye maji, hukaa wiki nyingi bila kuliona birika. Wakati wa ukame haiwezekani, na mwenye kumfanyia hivyo anamtesa. Asiyekunywa mwishowe hufa, awe ngamia au nani.

Kuhusu malisho, mnalalamika kwamba ngamia wanamaliza majani. Majani gani? Ng'ombe hula nyasi za chini. Ngamia kwa kawaida hula miti na vichaka, migunga na mswaki na vingine vya miiba, hata kufikia urefu wa mita tatu. Akila hapa tawi moja, huenda mbele akala lingine. Wayo wake ni laini na mpana, haukati udongo kama kwato. Lakini sitaki kuwafanya malaika. Ua lako la miti kwake ni chakula, na mahindi mabichi kwake ni sukari. Mchungaji anayelala usingizi ngamia wakaingia shambani lazima alipe, na katika hilo niko upande wenu.

Sasa yule aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama auze ng'ombe. Ndugu yangu, una ekari ngapi? Kama ni tano au kumi, tena umezizungushia waya, usinunue ngamia. Ngamia ni mnyama wa kutembea. Hubeba mimba miezi kama 13, huzaa karibu kila miaka miwili, na mtamba wake huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Mwenye haraka ya kulipa karo hatamweza. Tena katika sehemu zetu zenye unyevu na nzi wengi wa kuuma hupatwa na surra, ugonjwa wa damu unaofanana na ule wa mbung'o, lakini huu hauhitaji mbung'o. Nzi wa kawaida wanaouma hutosha kuupeleka. Najua mkulima mmoja, jina lake nimeliacha, aliyenunua ngamia watatu mwaka 2023 kwa kuona wa jirani hawakufa. Aliwafunga kando ya mto, chini ya miti mizuri yenye kivuli. Amebaki na mmoja.

Walio na nchi pana na kavu hesabu yao ni nyingine. Serikali ya kaunti ya Samburu ilianza kugawa ngamia kwa wafugaji wake mwaka 2015, nayo haikukosea. Katika ukame ule wa 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na mwenye ng'ombe peke yake ndiye aliyelia zaidi. Ngamia hutoa maziwa lita 4 hadi 6 kwa siku katika nchi kavu, na huendelea kukamuliwa ng'ombe wakiwa wamekauka. Akina mama wa Isiolo huyatia katika mitungi na kuyapakia kwenye basi, yakauzwa Eastleigh, Nairobi. Sisi wenyewe mwaka ule, chai yetu ilipokuwa nyeusi kama kahawa, kuna watoto wa skimu hii walionywa maziwa ya ngamia yaliyouzwa na watu wale tuliowafungia birika. Nawajua, maana wangu walikuwa miongoni mwao. (Maziwa hayo yachemsheni, kama ya ng'ombe, kwa ajili ya homa ya brusela.)

Narudi kwenye kisima. Usiku wa tatu baada ya kamati kuwafukuza ngamia, bomba letu lilikatwa. Sisemi ni nani aliyekata, hakuna aliyeshikwa. Tulikaa siku nne bila maji, tukachanga fedha za fundi. Siku ya tatu kati ya hizo ng'ombe wangu mmoja aliyekuwa na mimba alianguka, akafa. Niliandika jina langu mwenyewe katika hesabu ile ya ng'ombe waliokufa niliyokuwa nimetumwa kuandika.

Maoni yangu ni kwamba tuuze maji kwa debe, wala si kwa aina ya mnyama. Debe lililonywewa na ngamia liwe na bei moja na lililonywewa na ng'ombe wa mgeni. Ngamia wapewe siku yao, mara moja kila siku kumi, na siku ya kuamkia hiyo pampu ifanye kazi zaidi ili tangi lijae. Maji ya nyumbani yawe na mfereji wake mbali, usioguswa na mnyama yeyote, ili akina mama wasirudi tena na mitungi mikavu. Njia ya ngamia ipitie upande wa miamba, si kati ya mashamba. Na kila debe liandikwe katika kitabu, pamoja na madebe ya ng'ombe wetu sisi, tuone mwisho wa mwezi nani hunywa nini.

Mweka hazina wa kamati amenipinga. Anasema ukimkaribisha ngamia umemkaribisha mwenyewe, na mwenyewe ana ng'ombe, mbuzi na ndugu kumi. Neno hilo lina kweli ndani yake, na ndiyo maana nataka siku maalumu na hesabu iliyoandikwa. Lakini watu wale walikuja mwaka 2022 bila kukaribishwa, na watakuja tena, kwa sababu njia ile waliipita babu zao kabla skimu haijapimwa. Tofauti ni kama watakuja mchana na fedha mkononi, au usiku.

Kamati imekubali kulizungumza jambo hili kabla ya kiangazi. Mzee yule wa Kisamburu nimempigia simu, naye amesema atakuja na mwanawe ajuaye kuandika. Nyinyi wa skimu nyingine zilizo na visima mpakani mwa nchi ya wafugaji, niandikieni kwa anwani ya gazeti hili. Niambieni debe mnaliuza kwa bei gani, ngamia mnawapa siku gani, na nani hushika kitabu.